Kumsoma Omar ibn Said kwa mwandiko wake: makosa yanayokula muda

Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill, kimehifadhi karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiarabu mwaka 1857. Mtu mwingine ameongeza maelezo ya Kiingereza: hii ni Sala ya Bwana, imeandikwa na Uncle Moreau, mzaliwa wa Afrika, mali ya Jenerali Owen wa Wilmington, mzee wa miaka 88 na Mkristo wa kweli. Sasa soma Kiarabu chenyewe. Sala ya Bwana haimo. Kilichomo ni Surat an-Nasr, idha jaa nasrullahi walfat'hu, mpaka mwisho. Mtoto wa chuoni anayesoma juzuu ya Amma angeitambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza, lakini maelezo yale yalikaa miaka na miaka bila kupingwa, kwa kuwa waliokuwa wakiyasoma hawakuweza kusoma kilichokuwa mbele yao.

Naanza na karatasi hiyo kwa sababu kosa lake ndilo kosa la kazi nzima. Anayetaka kumjua Omar ibn Said, yaani huyo Uncle Moreau, huletewa maelezo kwanza na maandishi baadaye. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilisoma kila kitu juu yake kwa Kiingereza, nikajaza daftari, halafu nilipofungua mswada nikakuta nusu ya niliyoyaandika ni maneno ya watu wengine juu yake. Kama unasoma herufi za Kiarabu, hata kwa kiwango cha chuoni tu, pinda njia: anza na mswada, maelezo yasubiri.

Kwa ufupi, Omar alikuwa mwanachuoni kutoka Futa Toro, nchi ya Wafulani iliyo kwenye Mto Senegal. Alitekwa, akauzwa Charleston, akatoroka, akaishia kwa familia ya Owen huko North Carolina, akafa akiwa bado mtumwa wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiendelea. Mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu. Katika tawasifu za watumwa wa Marekani zilizosalia, hii ndiyo pekee inayojulikana kuandikwa kwa lugha hiyo, na imetangulia kwa miaka 14 kitabu cha kwanza cha Frederick Douglass, mwandishi mashuhuri aliyekuwa mtumwa. Hata hivyo, historia za fasihi ya Marekani zilimpita kando kwa muda mrefu. Sababu kubwa ni nyepesi mno: zilichukulia kwamba fasihi ya Marekani ni ya Kiingereza, basi. Wasomi Marc Shell na Werner Sollors walipokusanya maandishi ya Marekani ya lugha mbalimbali na kuyachapisha mwaka 2000, Omar alipata nafasi humo. Kabla ya hapo alikuwa zaidi mtu wa wanahistoria.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Ukitafuta "Omar ibn Said" peke yake utapata yaliyoandikwa miaka ya karibuni na kukosa ya zamani. Magazeti na barua za karne ya 19 zinamwita Moro, Morro, Moreau, Meroh, Omeroh, mara Uncle mbele, mara Prince. Watafiti nao wana Omar ben Saeed na Umar ibn Sayyid. Yaandike yote kwenye karatasi moja kabla hujaanza, na kila jina litafute mara mbili, mara moja pamoja na neno Owen na mara moja bila. Hilo la Prince lisikuchanganye. Omar mwenyewe hadai ufalme wala utoto wa mfalme. Anadai elimu.

Mswada wenyewe uko Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na huna haja ya kupanda ndege. Maktaba iliununua mwaka 2017 na Januari 2019 ikaweka picha zake kwenye mtandao, pamoja na nyaraka nyingine za mkusanyo huo. Jumla ni 42, za Kiarabu na Kiingereza. Ni bure, hakuna kujisajili. Kwa simu, picha ya JPEG ya ukubwa wa kati inatosha. Faili za TIFF zinameza bando na kwa kusoma hazikuongezei kitu, labda uwe unachunguza wino au karatasi. Tawasifu ni fupi, kurasa 15. Ufupi huo ni mtego pia: mtu anaona kurasa 15 anajipangia jioni moja. Weka wiki mbili, na ukurasa wa kwanza upe siku nzima.

Siku hiyo nzima ni ya herufi. Sisi wa pwani, kuanzia Msahafu mpaka barua za babu zetu, tumezoea nukta za mashariki: fa ina nukta moja juu, qaf ina mbili juu. Omar alifundishwa khati ya Afrika Magharibi, ya ukoo wa Kimaghribi. Huko fa ina nukta moja chini, na qaf ina nukta moja juu. Hebu tazama linalotokea. Neno qaala, "alisema", lina qaf yenye nukta moja juu, kwa hiyo jicho la Lamu au Unguja linasoma faala, nalo hapo halina maana. Fii, "katika", ina nukta chini, kwa hiyo unasoma bii. Hata Fut, jina la nchi yake, ukilisoma kwa mazoea linakuwa But, na unaweza kumaliza saa nzima kwenye ramani ukiitafuta But. Mwisho wa neno ndipo balaa zaidi, maana katika khati hii fa, qaf na nuni za mwisho mara nyingi huachwa bila nukta kabisa. Ziamuliwe na umbo: nuni inazama chini ya mstari, fa inalala juu yake.

Dawa ni kunakili kwa mkono. Chukua daftari la mistari, gawa ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza nakili unachokiona bila nukta yoyote, mifupa mitupu. Ya pili andika neno hilo hilo kwa nukta za mashariki. Ya tatu weka Kiswahili. Usirukie safu ya tatu hata kama maana imekujia. Nilipoiruka ya kwanza ili kuokoa muda, nilijikuta narekebisha neno kabla ya kulisoma, na mrekebishaji mwenye haraka huwa anasoma alichokitarajia. Mistari mitano kwa siku inatosha mwanzoni. Kufika ukurasa wa nne jicho limeshageuka lenyewe, na Msahafu wako wa nyumbani utauona una nukta nyingi mno.

Habari njema ni kwamba mwandishi amekuwekea ufunguo mlangoni. Kabla ya kusema lolote juu ya maisha yake ameandika Surat al-Mulk, kwa kichwa. Usiiruke. Kwanza ni zoezi la khati lisilo na mfano: maneno unayajua, kwa hiyo kila herufi ngeni inajieleza yenyewe. Tengeneza alfabeti yako kutoka kwenye sura hii, herufi moja moja, mwanzo wa neno, kati na mwisho, kisha ndipo uingie kwenye maisha. Utakuta amekosea hapa na pale. Kabla hujapiga mstari mwekundu, kumbuka kwamba Afrika Magharibi husoma Qur'ani kwa riwaya, yaani mapokezi ya kisomo, ya Warsh, na Misahafu tunayouziwa leo ni ya Hafs. Kwenye Fatiha tu tofauti ipo, sisi twavuta maaliki yawmiddin, wao hawavuti. Hata idadi ya aya katika baadhi ya sura hutofautiana kwa kufuata hesabu ya mji kisomo kilikotoka. Kosa la mwandishi na tofauti ya kisomo ni vitu viwili, na anayeyachanganya anamwonea mtu aliyekuwa mbali na mwalimu na mbali na vitabu kwa miaka 24.

Na anajua kwamba amesahau. Baada ya sura anamgeukia aliyemwomba aandike, anayemwita Sheikh Hunter, akimwambia kwamba hawezi kuandika maisha yake, kwani amesahau mengi ya lugha yake na ya Kiarabu. Anawaomba ndugu zake wasimlaumu. Watu wengi huiona hii kama adabu ya mwandishi wa kale, ile ya kujishusha kabla ya kazi. Ni adabu, sawa, nasi kwenye tenzi tunayo. Ila hapa ni taarifa pia. Tarajia irabu ndefu iliyoandikwa fupi, nahau iliyolegea, sentensi inayorudiwa kana kwamba mkono umesahau kuwa umeshapita hapo. Ukikuta jambo lilelile mara mbili, nakili mara zote mbili. Marudio yana tofauti ndogondogo ambazo mara nyingine ndizo zinazofungua neno lililokushinda mwanzo.

Majina ya Kiingereza ameyaandika kwa sikio. Fayetteville, katika tafsiri, linasomeka Fayd-il. Kwa hiyo ukifika kwenye neno lisilo na mzizi wa Kiarabu, acha kamusi, litamke kwa sauti. Kisha litamke tena kama Mkarolina mwenye sauti nzito anayemeza silabi. Mengi hufunguka hapo.

Halafu tarehe. Omar hatoi mwaka wa kuzaliwa wala wa kutekwa, anatoa hesabu. Alipotoka kwao alikuwa na miaka 37, amekaa nchi ya Manasara, yaani Wakristo, miaka 24, na anaandika mwaka 1831. Toa 24 unapata 1807. Toa 37 unapata 1770. Ndiyo hiyo miaka inayoonekana kila mahali, na ni vizuri kujua kwamba imetoka kwenye kutoa huku, hakuna daftari la meli nyuma yake. Kama alikuwa akihesabu miaka ya hijria, ambayo ni mifupi kwa siku 11 hivi, 24 inapungua kidogo kuwa 23 na robo, na 37 inakuwa karibu 36. Mimi naiamini 1807 kwa sababu ya upande wa pili: sheria ya Marekani ya kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje ilianza kazi Januari 1, 1808, na Charleston ilikuwa wazi kwa biashara hiyo kuanzia mwisho wa 1803 mpaka hapo. Yeye anasema walikaa baharini mwezi na nusu, wakafika Charleston. Aliingia mlango ukiwa unafungwa.

Kuna hesabu nyingine inayopita bila kutazamwa. Miaka 25 ya kutafuta elimu, kwa masheikh watatu anaowataja: ndugu yake Muhammad Said, Sulayman Kumba, na Jibril Abdal. Aliyesoma kwa sheikh anajua miaka 25 ni nini. Mtu huyu alipofika sokoni Charleston alikuwa na umri ambao kwao angekuwa anafundisha.

Sasa ingia kwenye simulizi lenyewe, taratibu. Aliyemnunua kwanza anaitwa Johnson. Omar anamweleza kwa mlolongo wa sifa: dhaifu, mdogo, mwovu, kafiri asiyemcha Mwenyezi Mungu hata kidogo. Mistari michache baadaye anajieleza mwenyewe kwamba yeye ni mtu mdogo, asiyeweza kazi ngumu. Tafsiri zinaupitia udogo huo mara zote mbili bila kusimama. Mimi nilisimama. Johnson ni mdogo kwa hukumu, Omar ni mdogo kwa mwili. Mwandishi ameweka mizani ukutani na kutuacha tupime wenyewe.

Akatoroka. Akatembea kama mwezi mmoja mpaka akaona nyumba, na mwezi ulipoandama akaingia katika mojawapo kuswali. Kijana aliyepanda farasi akamwona, akaenda kumwambia baba yake. Wakaja watu na farasi na mbwa, wakampeleka kwa miguu maili 12 hadi mjini, wakamfungia siku 16 mchana na usiku. Ilikuwa jela ya Fayetteville, na habari za wakati ule zinasimulia kwamba aliandika kwa Kiarabu kwenye kuta zake, watu wakawa wanakuja kutazama. Zingatia: ukuta ule hatutausoma kamwe. Lolote lililosemwa kwamba aliandika dua fulani au malalamiko fulani ni la watazamaji ambao hawakuijua hata alifu. Usilinukuu.

Baadaye anaulizwa kama yuko tayari kurudi Charleston. Jibu lake kwenye mswada ni la, la, la, mfululizo, ukurasa mzima unageuka kuwa mdomo. Watafsiri wameacha marudio hayo yalivyo, na wamefanya vyema. Anasema hataki kwenda Charleston, atakaa katika mkono wa Jim Owen.

Katika mkono. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji wa Kiswahili afanye jambo ambalo msomaji wa tafsiri hawezi kulifanya kwa urahisi: fuata neno yad, mkono, tangu mwanzo hadi mwisho, ukilipigia mstari kwa penseli. Jeshi kubwa lilikuja, likaua watu wengi, likamchukua hadi bahari kubwa na kumuuza katika mkono wa Mnasara. Sasa yuko katika mkono wa Jim Owen. Rudi ukurasa wa kwanza, aya ya kwanza ya sura aliyoichagua mwenyewe kati ya sura 114: Tabarakalladhi biyadihilmulk. Ametukuka ambaye mkononi mwake umo ufalme wote, umiliki wote. Wasomi wengi wameshasema kwamba uchaguzi wa sura hii ni hoja dhidi ya mtu kumiliki mtu. Nakubaliana nao, ila hoja haikuishia kwenye sura. Mkono huo unatembea kurasa zote, na kila anaposema yuko mkononi mwa fulani, aliyesoma mwanzo anasikia mkono mwingine.

Kurasa za mwisho ndizo zinazoudhi, na heri ujue mapema ili usifunge daftari. Anamsifu Jim Owen. Hampigi, hamtukani, hamwachi na njaa wala uchi, wala hampi kazi nzito. Anawaita watu wa North Carolina, wa South Carolina, wa Amerika yote, na kuwauliza kama wanao watu wema kama hawa akina Owen. Makosa mawili yanawapata wasomaji hapa. La kwanza lilifanywa na watu wa karne ya 19, waliochukua sifa hizi kama ushahidi kwamba mtumwa aliridhika. La pili ni la leo: kuziona ni uongo mtupu wa kujikinga, na kuzifuta. Ninavyoona, zisome kama orodha. Kila anachosema Owen hafanyi ni kitu ambacho mwandishi amekiona kinafanywa. Ukizigeuza sentensi hizo nje ndani unapata maelezo ya utumwa wa Carolina kwa mkono wa aliyekuwamo.

Suala la dini nalo usilifunge haraka. Alibatizwa miaka ya mwanzo ya 1820 katika kanisa la Presbiteri, na Biblia yake ya Kiarabu ipo Chuo cha Davidson. Katika tawasifu anaeleza kwanza alivyokuwa akienda msikitini kabla ya alfajiri, akitawadha, akiswali swala tano, akitoa zaka ya dhahabu, fedha, mavuno na mifugo. Kisha anaweka Fatiha na Baba Yetu karibu karibu, moja ya zamani, nyingine ya sasa. Lakini Zaburi ya 23 aliyoiandika uzeeni ameitanguliza kwa bismillah, na mwaka 1857 ndiyo ile an-Nasr. Ubishi wa kama alikuwa Mwislamu au Mkristo umekula kurasa nyingi kuliko mswada wenyewe. Kwenye daftari lako weka safu ya tarehe, andika kila karatasi ina nini, na uiache hivyo.

Kuhusu tafsiri, zipange kwa umri wake. Mswada ulitumwa mwaka 1836 kwa Lamine Kebe, aliyejulikana kama Old Paul, mwalimu wa Afrika Magharibi aliyekuwa ameachwa huru na alikuwa New York. Kebe akampa Theodore Dwight. Alexander Cotheal aliutafsiri mwaka 1848, akaja Isaac Bird, na mwaka 1925 J. Franklin Jameson akachapisha tafsiri katika jarida la wanahistoria wa Marekani. Kisha mswada ukapotea machoni mwa watu mpaka ulipoibuka mwaka 1995 ndani ya sanduku huko Virginia. Maana yake ni kwamba yaliyoandikwa juu ya Omar katika miaka hiyo ya kati yalitegemea Kiingereza cha Jameson. Ukikuta kitabu cha miaka ya 1960, chukua habari zake, hukumu zake juu ya Kiarabu cha Omar ziache. Tumia Ala Alryyes wa mwaka 2011 kama tafsiri ya kusimamia, maana amechapisha pamoja na Kiarabu, kisha ongeza Mbaye Lo na Carl Ernst wa mwaka 2023, waliokusanya na maandishi yake mengine. Vitabu hivyo viwili ndivyo gharama pekee ya kweli katika kazi hii. Kama mfuko hauruhusu vyote, anza na Alryyes. Na tafsiri isifunguliwe kabla ya safu yako ya tatu kujaa walau kwa ukurasa huo.

Maelezo ya jalada nayo yahakiki. Kwenye jalada la tawasifu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba mwandishi ni mtumwa wa Gavana Owen. Gavana alikuwa John Owen. Omar anasema yuko mkononi mwa Jim, yaani James, nduguye, yule Jenerali Owen wa karatasi ya 1857. Kosa dogo, lakini linaweza kumfanya mtafiti apekue karatasi za ndugu asiye mmiliki.

Ukimaliza kurasa 15 utakuwa na jicho ambalo watu wachache wanalo, basi lipeleke kwa wengine. Abdul Rahman wa Futa Jallon, aliyekuwa mtumwa Natchez huko Mississippi, aliombwa mwaka 1828 aandike Sala ya Bwana kwa Kiarabu. Akaandika Fatiha, na juu yake ikawekwa ileile lebo ya Sala ya Bwana. Kule Kisiwa cha Sapelo, Georgia, Bilali Muhammad aliacha kurasa 13 ambazo kwa miongo kadhaa ziliitwa shajara yake, watu wakiwazia siri za shamba. Mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg alizipeleka kwa maulamaa wa Kano, Nigeria, na mwaka 1940 akachapisha jawabu: ni vipande vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya Kimaliki, vimeandikwa kwa kukumbuka. Ukizisoma ukiwa na madhehebu ya Shafii ya pwani kichwani utaona makosa ya udhu na adhana ambayo si makosa. Kuwa na Risala iliyochapwa pembeni, ni kitabu rahisi kupatikana.

Kwa Omar mwenyewe, cha kusoma baada ya tawasifu ni barua ya mwaka 1819. Ni ngumu kuliko tawasifu, kwa sababu karibu yote ni vipande vya watu wengine: aya za Qur'ani, na beti za Mulhat al-I'rab ya al-Hariri, shairi la kufundishia nahau ya Kiarabu, ambalo waliopitia nahau kwa masheikh wanalijua. Njia ya kuisoma ni kuchuja. Weka Msahafu upande mmoja na Mulha upande mwingine, kila kipande unachokitambua kiwekee alama ya pembeni, sura na aya, au ubeti. Ni kazi ya kuchosha. Utahisi unasahihisha ubao wa mwanafunzi. Mtu mwenye haraka huishia hapo na kusema barua ni nukuu tu. Wakubwa wa wakati ule nao waliichukua kama kielelezo cha mwandiko, wakaipeleka kwa Francis Scott Key, yuleyule aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani, pamoja na ombi la kumtafutia Omar Biblia ya Kiarabu.

Endelea kuchuja. Yatabaki maneno machache yasiyo ya Qur'ani wala ya al-Hariri, na mtafiti John Hunwick aliyatoa hadharani alipoitafsiri barua hiyo: nataka kuonekana katika nchi yetu iitwayo Afrika.